Mkamwana na Kilo Mia

Siku ya tatu ya matanga, mama mmoja wa ukoo aliyetoka mbali alinifuata jikoni nikiwa nageuza wali kwenye sufuria kubwa, akaniuliza marehemu baba mkwe wangu alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa yeye hakupata kumfahamu vizuri. Nikafungua mdomo kumjibu, nikacheka. Mkamwana kucheka msibani si jambo la kusifiwa, na mwiko wa wali mkononi ndio ulioniokoa, maana nilijifanya mvuke umeniingia puani. Lakini ningemjibu nini? Nimeishi naye kwenye ua mmoja wa nyumbani miaka ishirini na mitatu na sura yake nilikuwa nimeisahau. Nilikijua kikohozi chake. Niliujua mlio wa ndala zake, na kisogo chake, na koti lake likiwa kambani. Kwetu Kyela, kwa familia zinazoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawaongei, hawapishani njia moja, wala hawatajani majina. Yeye akikohoa upande huu, mimi nahamia upande ule. Siku ya mazishi, jeneza lilipofunguliwa tuage, nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nichumbiwe, nikakuta masharubu yake yote yamekuwa meupe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Niliudhika, tena sana, halafu ndipo nikalia.

Ila upo mwaka mmoja niliomwona kila siku isipokuwa Jumapili, tena akinifokea uso kwa uso. Wakati huo hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa Kocha, na mpaka leo namwita Kocha, kwa sababu wazee waliotunga miiko ya majina hawakukumbuka kulipiga marufuku hilo. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale mjini, na nyuma ya mashine kulikuwa na ua wenye stoo ya matofali ya udongo, rundo la pumba, na mikeka ambayo jirani alianikia kakao, hivyo ukivuta pumzi ndefu unapata harufu ya siki na ya wali kwa pamoja. Katikati ya ua ule ndipo palipokuwa na chuma. Ujanani Kocha alipita jeshini, akarudi na mapenzi ya ajabu ya kunyanyua vitu vizito bila kuvipeleka popote. Alichukua ekseli ya lori bovu akaifanya fimbo, akaweka gia kuukuu huku na huku, na gia zilipoisha akamimina saruji kwenye madebe. Kila kipande alikipima kwenye mizani ile ile ya magunia, akakiandika kilo zake kwa chaki. Makuli wa mashine walikuwa wakimaliza kupakia mzigo wanakwenda kunyanyua chuma, jambo ambalo wateja waliliona kama wazimu. Mtindo wao mkubwa ulikuwa kukitoa chuma chini mpaka usawa wa mapaja na kusimama nacho wima. Binti yangu anayesoma Mbeya anauita dedilifti na anaufanya mbele ya kioo. Sisi tuliuita kung'oa.

Mimi nilikuwa mpepetaji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa na shida na chuma cha mtu. Asubuhi moja niliinama kuchukua ndoo ya chenga, mgongo ukalia, nikabaki pale pale nimepinda, mbele siendi, nyuma sirudi. Mzee mmoja aliyeleta mpunga wake alidhani namsalimia kwa heshima. Akaitikia, "Ndaga, mwanangu," akapita zake. Nilisalimia watu wanne zaidi kabla makuli hawajagundua kwamba siinuki. Nililala mkekani wiki tatu. Zahanati waliniambia nisinyanyue kitu kizito maisha yangu yote, na wageni waliokuja kunipa pole waliujadili mgongo wangu nikiwasikia, kama mtu anavyojadili baiskeli ya kuuza. Mmoja alisema, "Sasa huyu ndoo ya maji atatwishwa na nani? Nani atamwoa?" Mwingine akajibu, "Labda aolewe na mwalimu." Niliwachukia wote wawili, na huyo mwalimu pia. Nilipoweza kutembea nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Kocha nikamwambia nataka kujifunza kunyanyua. Alinizunguka mara moja, akanigonga mgongoni kwa vidole viwili. "Haujavunjika," akasema. "Haujapelekwa shule tu."

Akaniwekea ekseli tupu. Nikaikaribia kwa namna niliyolelewa kukaribia kitu nisichokijua: magoti yamelegea, mikono imekutana, kichwa chini, mgongo nimeuviringisha kwa adabu. Ndivyo tunavyosalimia wakubwa tangu tukiwa hatujaota meno, na mwili ukishafundishwa hauulizi anayesalimiwa ni nani. Kocha alipiga ukelele uliosimamisha shughuli. "Mwe! Unakisalimia chuma? Hicho ni chuma, binti, si baba mkwe wako! Kitazame!" Makuli walicheka mpaka mmoja akakalia kakao ya watu. Kwa mwezi mzima kosa langu lilikuwa hilo hilo. Nikijitahidi vipi, chuma kilipoanza kuwa kizito nilikiinamia kwa heshima zote, mabega yakaporomoka, macho yakaenda kwenye vidole vya miguu. Kocha alijaribu kila dawa. Alinifunga ufito mgongoni kwa khanga. Aliniwekea picha ya kalenda ukutani mbele yangu ili nipate pa kutazama. Mwisho alimwambia kuli mmoja mwenye kiburi kuliko wote asimame ng'ambo ya chuma na kunikejeli nikiwa nashika, na kweli kwa hasira nilinyoosha kifua, nikamkazia macho, na chuma kikapanda chenyewe. "Hapo!" Kocha akapiga makofi. "Umeona? Nyayo zisukume ardhi. Mikono ni kamba tu. Pumzi ifungie tumboni, uitoe ukishasimama." Nilijifunza siku ile kwamba adabu ina sehemu zake, somo ambalo mama yangu asingelipenda.

Mke wa Kocha, Mama Ambakisye, alitulisha. Jiko lake lilikuwa upande wa pili wa ua, la kuezekwa kwa bati lililotoboka, na sahani zilipita dirishani. Ndizi mbalaga na maharage, wali na dagaa wa usipa, na ikitokea ndugu ametoka ziwani, samaki mbasa mzima mwenye mafuta. Tulikula tumekaa juu ya magunia, na juu yetu, kwenye ukuta wa stoo, kulikuwa na majina sita kwa rangi ya bluu. Hayo yalikuwa majina ya walioweza kung'oa kilo mia kwa mgongo ulionyooka na kusimama nazo mpaka Kocha avute pumzi tatu. Masharti hayakuwa na msamaha. Kocha mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa brashi aliyoificha stoo, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Yote sita yalikuwa ya wanaume. Nililitaka jina langu pale kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko nguo, kuliko mume. Kila niliporudi kukaa chini ya ukuta ule nilizikumbuka wiki tatu za mkekani, na niliona kwamba watu wale wawili hawatanyamaza kwa kuelezwa. Walihitaji kusoma.

Nimetaja mume, basi nimalize. Ambakisye alikuwa mtoto wa kwanza wa Kocha, ndiye aliyeendesha mashine, na kutwa nzima alikuwa mweupe kwa vumbi la pumba hadi kope. Wasichana wengine huletewa khanga na manukato. Mimi nililetewa majivu. Aliona viganja vyangu vinateleza kwenye ekseli, akawa kila alasiri ananiletea majivu makavu kutoka jiko la mama yake, kayachekecha kabisa, kwenye kopo la maziwa. Msichana mwenye akili timamu asingepumbazwa na jambo hilo, lakini mimi nilipumbazika. Chuma nacho kilikwenda vizuri: sitini, sabini na tano, themanini, tisini. Ndipo siku moja, nikiwa nimejibanza nyuma ya magunia namalizia wali wangu, nikawasikia baba na mwana wakizungumza stoo.

"Baba, nataka kumchumbia Tupokigwe."

Kocha akauliza, "Mwaka huu?"

"Mwaka huu."

"Yuko tisini."

"Tisini nini?"

"Kilo, mjinga wewe! Tisini, na mgongo umenyooka. Mpe miezi miwili anang'oa mia. Ukipeleka posa leo, kesho mimi siruhusiwi kumwona. Nani atamwangalia nyonga?"

"Nitamwangalia mimi."

"Wewe ambaye hujafikisha hata sitini?"

"Baba," Ambakisye akasema kwa uchungu wa kweli, "wenzangu baba zao wanauliza ukoo. Wewe unauliza kilo."

Wali uliniganda mdomoni. Sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba nikimpata huyu nampoteza yule. Kesho yake Ambakisye aliponiuliza, nilimwomba asubiri kidogo. Akasema angesubiri, lakini baba yake mdogo wa Mwaya ameshamtafutia msichana kule Busale, wanangoja neno tu. Nilikaa juu ya gunia nikalia mbele yake, pua na yote, huku nimeshika kopo la majivu. Nilimpenda. Nilisema ndiyo. Halafu nikakimbia uani nikamng'olea Kocha tisini mara tatu mfululizo mbele ya macho yake, kwa kuwa nilijua ni mara ya mwisho anaziona. Naye alijua. Hakufoka hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Posa ikapelekwa, ikapokelewa, na kuanzia siku hiyo baba mkwe wangu akatoweka akiwa yupo. Mshenga alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu mwenye asili ya Pangani aliyeuza misumari na vitenge duka la jirani. Alichaguliwa kwa kuwa si wa ukoo wowote na anajua kusema na watu. Maskini hakujua kazi yake ingeendelea baada ya posa. Juma lililofuata Kocha alijifungia stoo, akakaa nyuma ya ukuta wa matofali ametupa mgongo, akamweka Salumu mlangoni, nami nikawa uani na chuma changu. Hakuwa ananiona. Alikuwa anasikiliza. Alisema chuma kinachonyanyuliwa sawasawa hulia mara moja, na mwanafunzi akitanguliza kiuno hulia mara mbili.

"Salumu!" sauti ikatoka stoo. "Mwambie huyo mtu makalio yake yanapanda kabla ya mabega!"

Salumu akajikohoza, akarekebisha kofia. "Binti, Kocha anasema hivi... pale pa kukalia pasitangulie."

"Pale wapi, Mzee Salumu?" nikauliza, ingawa nilielewa vizuri sana.

"Mwanangu, usinitie majaribuni. Mimi nauza misumari."

"Umemwambia makalio?" Kocha akafoka.

"Nimemwambia kwa lugha ya kwetu!"

"Lugha ya kwenu haina makalio?"

Tukaenda hivyo wiki nyingi. Ulikuwa utaratibu mzuri mpaka siku Kocha alipodhani nimeshaondoka, akatoka stoo kufuata kofia yake. Nilikuwa nimesimama na kilo tisini na tano mapajani. Mkamwana anapaswa kujificha, au angalau achutame ajifunike, na mimi mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kuviachia vidude vile ni kuvunja madebe. Nikageuka kumpa mgongo, hatua kwa hatua na chuma changu, kama bata. Mama Ambakisye akatoka jikoni mbio, akakamata kitu cha kwanza alichokiona, akanitupia kichwani. Lilikuwa gunia la pumba, na halikuwa tupu. Nikasimama hapo na kilo tisini na tano mikononi, gunia kichwani, pumba zikinishukia kifuani, huku Kocha naye kajifunika uso kwa mkono anapapasa kurudi stoo, akagonga mlango. "Salumu," nikasikia akinong'ona humo ndani, "mgongo ulinyooka?" Salumu akasema ulinyooka. "Mbombo ngafu," Kocha akasema, maana yake kazi ngumu, na alisema kwa furaha.

Lakini mia ilikataa. Nilipoijaribu ilitoka chini kidogo, kisha ikanivuta mbele, nikaiachia. Nilijaribu mara tano siku tofauti. Salumu alibeba maelekezo mengine yakiwa mazima, mengine akiyasitiri, na bado ilikataa. Mama Ambakisye akaja na habari kwamba Mzee, mumewe, amesema twende Ikombe tukachukue vyungu vya harusi, na mimi ndiye nitakayevibeba. Nilinung'unika njia nzima. Tulipanda mtumbwi kutoka Matema, milima imetuinamia upande mmoja na ziwa limetulia upande wa pili, na nilipofika nilikuwa nimelowa mpaka magotini. Mama mfinyanzi wa Kikisi tuliyepelekwa kwake alikuwa mzee, mwembamba, na alikuwa akizunguka chungu kikubwa akikilainisha, ameinama tangu tulipofika mpaka tulipomaliza kunywa uji, na mgongo wake ulikuwa umenyooka muda wote. Alikunjika nyongani tu. Aliponionyesha chungu changu, kikubwa cha pombe, nilikinyooshea mikono nikiwa mbali, nisichafue gauni. Akanipiga kofi mkononi. "Kikumbatie! Ukikiweka mbali kitakuvuta wewe." Akasimama karibu nacho kabisa, akarudisha nyonga nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa, akakigusisha kwenye miundi yake, akapanda nacho. Udongo wote ukamchafua na hakujali. Nikatazama miundi yangu. Haikuwa na mchubuko hata mmoja. Miezi yote ile nilikuwa nakiweka chuma mbali kidogo nisijikwaruze, na Kocha, ambaye alikuwa akisikia tu, asingeweza kuliona jambo hilo, ila alilihisi. Tukiwa kwenye mtumbwi wa kurudi, vyungu vimefungwa majani ya migomba, Mama Ambakisye akacheka peke yake. "Vyungu hata sokoni Kyela vipo," akasema. "Mzee alisema uletwe umwone yule mama anavyoinama. Alisema nisikuambie."

Harusi ilipangwa Jumamosi. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba nikishaingia nyumbani kwa mume sitakanyaga tena uani kwa mashine, na Kocha hakupinga, kwa sababu hilo nalo lilikuwa mila. Ilibaki Alhamisi. Siku hiyo baba mdogo wa Mwaya alifika mapema, akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, akatangaza kwamba hata ning'oe mashine yenyewe, jina langu halitaandikwa. Mkwe hatamki jina la mkamwana. Kama halitoki mdomoni, litatokaje mkononi? Makuli wakabishana. Mmoja alisema aandike kuli. Mwingine akamkumbusha kwamba brashi ni ya Kocha peke yake, na jina lililoandikwa na mtu mwingine si jina. Salumu alipoombwa maoni alisema kwao Pangani watu hawanyanyui ekseli. Nilipaka majivu mikononi bila kujua kama nanyanyua kwa ajili ya ukuta au kwa ajili ya bure.

Walipima kwenye mizani: tisini na tisa na nusu. Kuli mwenye kiburi akaongeza boliti mpaka mshale ukasimama kwenye mia kamili. Ambakisye akazima mashine ili baba yake asikie vizuri, na mji mzima ukawa kama umezimwa. Nikakisogelea chuma mpaka kikagusa miundi. Sikukisalimia. Nikafunga pumzi, nikasukuma ardhi, na kwa muda nilioona mrefu ardhi ndiyo iliyokataa, halafu chuma kikalia mara moja tu, kikapanda kikinikwaruza ngozi, kikapita magoti, nikasimama wima. Nyuma ya ukuta Kocha akavuta pumzi ya kwanza kwa sauti, nihesabu. Akavuta ya pili. Ya tatu aliivuta polepole, polepole, kama mtu anayenusa wali, mpaka makuli wakaanza kumpigia kelele amalize. Alipomaliza nilishusha chuma taratibu, hakikulia kabisa. Damu ilikuwa inanitiririka miundini na nilikuwa nalia na kucheka. Baba mdogo akasema, "Sawa. Na sasa?"

"Salumu," sauti ikatoka, "watoe watu wote uani."

Tukatoka. Geti likafungwa. Tulisikia kopo la rangi likifunguliwa kwa bisibisi, kisha ngazi ikiburutwa, jambo lililotushangaza, maana majina mengine yalikuwa usawa wa kichwa. Baba mdogo alitazama ardhi. Mimi nilikuwa nimejifunika khanga uso mzima, nikimshika Mama Ambakisye mkono kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Geti lilipofunguliwa, Kocha alikuwa ameshajirudisha stoo. Jina langu lilikuwa juu ya yote sita, herufi kubwa kuliko zao mara mbili, rangi ikichuruzika. Kwa kuwa ni refu na hakupima, ukuta ulimwishia, na herufi za mwisho zilikuwa zimekata kona kwenda upande wa mlangoni. Baba mdogo wa Mwaya akausogelea ukuta, akaita kwa ukali kuelekea stoo, "Kaka, umeandika nini hapa?"

"Someni wenyewe," Kocha akasema.

Baba mdogo akarudi hatua moja, maana mwiko ulimfunga naye. Ndipo Mzee Salumu, ambaye hakufungwa na mila yoyote ya kwetu, akavaa miwani, akainua uso, akaanza mbele, akazunguka kona, akamalizia mlangoni. "Tupokigwe," akasoma.

"Soma tena, Salumu," baba mkwe wangu akasema kutoka nyuma ya ukuta, na sauti yake haikuwa ile ya kufoka.

Salumu akarudi mwanzo wa ukuta, akasoma tena.